Ngisi wa Bwawani, Sehemu ya Pili

Diski ilikuwa imelala kifudifudi. Glenys Tarrant alisimama mbele ya rafu ya chumbani, kasha limefunguka kiganjani, akaitazama kama mtu aliyekuta nyayo za viatu vya kigeni jikoni kwake. Yeye daima hulaza diski maandishi yakiwa juu. Ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha kuweka santuri, na mkono wake haukujua njia nyingine. Basi kuna mtu aliyeingia humu, akaitoa, akairudisha, akakosea upande.

Kasha lenyewe lilikuwa la filamu nzito: saa sita za mlinda daraja, theluji na ukimya, picha za rangi nyeusi na nyeupe, na tafsiri ya herufi ndogondogo chini ya kioo. Glenys alilichagua kwa makusudi. Hapakuwa na filamu nyumbani mle iliyosifiwa kuliko hiyo, wala ambayo watu waliikwepa kuliko hiyo. Lakini ndani ya kasha hamkuwa na theluji. Mlikuwa na Ngisi wa Bwawani, filamu ambayo mnyama mkubwa kama basi anaibuka kutoka bwawa la kunyweshea kondoo na kuwameza wataalamu mmoja baada ya mwingine. Mikono ya ngisi ni mipira ya kumwagilia bustani, na mahali fulani unakiona kabisa kiwiko cha bwana anayeivuta. Glenys alikingojea kiwiko hicho kila mara, na kila mara alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Si jambo la kucheka, ukimjua. Glenys ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Filamu ya Kurrandilla, inayokutana Jumapili mchana katika ukumbi wa zamani wa mji, kwenye vile viti vya mbao ambavyo havijawahi kumhurumia mtu. Yeye ndiye huchagua filamu. Mwaka jana wanachama walimwomba angalau kichekesho kimoja, akasimama mbele yao na kutamka kwamba anayependa filamu mbovu si mwenye njaa, ni asiye na ulimi wa kuonja. Maneno hayo yalizunguka mji mzima, na wapo walioyarudia wakitazama ardhini kwa aibu. Mwanamke aliyeyasema alirudi nyumbani siku hiyohiyo, akavuta pazia, akamtazama ngisi.

Hata hivyo, mji angeuvumilia. Aliyemwogopesha ni Alwyn, mumewe. Walikutana ujanani, Melbourne, nje ya jumba la sinema, wakabishania picha ya mwisho ya filamu waliyotoka kuiona mpaka tramu ya mwisho ikawaacha. Alwyn alimwambia baadaye kwamba alimuoa kwa ajili ya jicho lake la filamu. Watoto walikwenda Perth, Alwyn akastaafu kutibu mifugo, na maongezi yao yakapungua kidogo kidogo mpaka yakabaki ya filamu tu. Kila Jumatatu asubuhi Alwyn huweka kikombe chini na kuuliza, "Lile dirisha la mwisho, uliliona vipi?" Hapo Glenys hujibu, naye hupinga, na kwa muda wa chai moja wanakuwa mume na mke. Akijua kwamba jicho aliloliposa linalewa ngisi wa mipira, Jumatatu wataongea nini? Swali hilo lilimtia Glenys hofu ya kweli.

Alwyn hakumshuku. Mchana wote hushinda bandani nyuma ya nyumba akitengeneza redio kuukuu, na rafu ya mkewe haigusi bila kuuliza. Mwenye ufunguo wa nyumba alikuwa mmoja tu zaidi: Noreen Pascoe, jirani, anayewalisha kuku na paka wao siku wanapokwenda mji wa Horsham kwa daktari wa macho wa Alwyn. Na Noreen ana ulimi, tena mrefu.

Glenys alimfuata kwenye duka la mitumba la kanisa, Noreen anakojitolea, akiwa amebeba sweta mbili kuukuu za kisingizio.

"Haa, mwenyekiti!" Noreen alimpokea huku akipanga vikombe visivyolingana. "Leo umekuja kututembelea sisi tusio na ulimi?"

"Nimeleta sweta za Alwyn."

"Tupa hapo, mpenzi. Ila kama unatafuta filamu, pole. Za mapapa na majoka zimekwisha. Kuna mtu anazizoa, utadhani anafuga."

Glenys akajifanya kukagua kikombe. "Mtu gani huyo?"

"Mtu mzima na heshima zake." Noreen alijiziba mdomo kwa kidole, akachekea puani. "Nimeapa, bibi wee. Hunitoi neno."

Masikio yalimwaka. Glenys hakuwahi kununua filamu hata moja pale. Zake huzinunua Horsham, amejitanda kitambaa na kuvaa miwani nyeusi, kama anayenunua sumu. Kwa hiyo hizo habari za mtu mzima na heshima zake zilikuwa vijembe, na aliyerushiwa ni yeye. Alitoka bila kuaga vizuri. Njiani kila aliyempungia mkono alimwona kama anayejizuia kucheka.

Akatega mtego. Asubuhi ya kwenda Horsham aliuzungusha uzi mwembamba wa sufu kwenye kasha, rangi ya kijivu, ambao huuoni mpaka ujue upo. Akaenda kuwasha gari. Alwyn alichelewa kutoka. Alisema amesahau miwani, akarudi ndani, akakaa, na Glenys akapiga honi kwa hasira kwa sababu mtu anayekwenda kwa daktari wa macho asingesahau miwani. Safari nzima hakumsemesha. Alikuwa anamwona Noreen kwa mawazo, anapanda ngazi zake polepole na bakuli la paka mkononi.

Waliporudi, alikimbilia rafu kabla hajavua koti. Uzi ulikuwepo. Haukuwa umekatika wala kupotea. Ulikuwa umefungwa kitanzi kizuri juu ya kasha, kama wa zawadi ya Krismasi.

Ndani, maandishi yakiwa juu safari hii, kulikuwa na Ngisi wa Bwawani, Sehemu ya Pili.

Aliketi kitandani. Filamu hiyo alikuwa ameitafuta kila mahali, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anaitafuta. Ilikuwa zawadi au kitisho? Mtu anayekutisha hukwambia anachotaka, na huyu hakutaka kitu. Kwa Glenys hilo lilikuwa baya zaidi.

Kesho yake mchana, Alwyn akiwa bandani, alivuta pazia na kuitazama. Alijiambia anaichunguza. Ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza, tena kwa mbali, na katikati yake alijikuta ameuma mto ili asisikike. Kuna profesa ndani yake, amevaa koti jeupe la maabara juu ya nguo za kuogelea, anayeutazama upeo kwa macho mazito na kusema, "Maji hayasahau, Kapteni." Kapteni anatafuna kijiti, anajibu, "Basi na sisi tusiyakumbushe." Halafu mpira wa bustani unamkokota profesa, na kiatu chake kimoja kinabaki kikielea. Glenys alirudisha nyuma akatazama tena. Akarudisha tena.

Kicheko kilipoisha ikaja hasira. Alijiona amepewa hongo, na ameila. Alitoka moja kwa moja mpaka kwenye uzio, Noreen akianika mashuka upande wa pili.

"Noreen, naomba ufunguo wangu."

"Umepoteza wako?"

"Nataka huo ulio nao. Ulitaka kuona, umeona. Sasa sema unachotaka. Kiti cha mwenyekiti? Kichukue!"

Noreen alitoa kibanio mdomoni. "Vile viti vyenu vinaniuma kiuno hata nikivitazama kupitia dirishani. Una nini leo?"

"Umeingia chumbani kwangu."

"Mimi naingia jikoni, namwekea paka maji, natoka." Uso wa Noreen ulikuwa bado na tabasamu, lakini lilikuwa linazimika. "Glenys. Kumbe miaka yote hii unaniona hivyo?"

"Basi ile sehemu ya pili imeletwa na nani?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Noreen angeweza kucheka. Glenys alimngoja acheke. Hakucheka. Alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kule mwisho wa ua lilipo banda, kisha akamrudishia macho.

"Kama ni hiyo ninayoidhania, ilitoka dukani kwangu, ndiyo," alisema taratibu. "Na nilishakwambia nimeapa." Akahangaika na pete ya funguo mpaka mmoja ukatoka, akauweka juu ya nguzo ya uzio. "Kuku wako hawajawahi kuniita mwizi."

Akaokota beseni lake, akaingia ndani, mashuka mengine hayajaanikwa.

Jumapili ilifika, Glenys akaingia ukumbini kama anayeingia mahakamani. Aliamini kila mtu anajua. Hedley, mwalimu mkuu mstaafu, alimsalimu kwa upole usio wa kawaida. Akina mama wa meza ya chai walinyamaza alipopita. Filamu ilikuwa ya mjane anayefua mashuka mtoni, anafua, anasuuza, anayakamua, na mto unapita. Glenys hakuona hata picha moja. Ufunguo wa Noreen ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake, na kila alipougusa aliuona ule uso unavyozimika.

Taa zikawashwa. Viti vikavutwa duara kama desturi, chai ikamiminwa, skonzi zikazungushwa na jamu na krimu, na watu wakaanza kusema ya kusema.

"Ule mto," Hedley alianza, amefumba macho, "mimi naona ndiye mhusika mkuu."

"Kweli kabisa," akasema mmoja.

"Ukimya wake, jamani," akasema mwingine.

Ndipo Alwyn akakohoa. Watu waligeuka kwa mshangao, maana Alwyn huzungumzia filamu nyumbani tu, na ukumbini hula.

"Mimi nadhani," alisema, "neno lote la filamu hii ni moja. Maji hayasahau."

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. "Ee bwana," Hedley akasema, "hapo umepiga penyewe! Maji hayasahau."

Kikombe cha Glenys kilisimama njiani kwenda mdomoni. Alimtazama mumewe. Alwyn hakumtazama, alikuwa anapaka jamu kwenye skonzi, anaifikisha pembeni kwa uangalifu mkubwa, na masikio yake yalikuwa mekundu kama jamu yenyewe. Hapo vikaja vyote kwa pamoja: ile miwani iliyosahauliwa, kitanzi cha uzi, pazia la dirisha la banda lililofungwa mchana kutwa, zile redio zinazotengenezwa mwaka mzima na hakuna hata moja iliyowahi kusikika ikiimba. Mtu mzima na heshima zake.

Alitaka kucheka na alitaka kumrushia kikombe. Tangu lini? Tangu astaafu, au tangu Melbourne? Yale madirisha ya Jumatatu, aliyaona kweli, au alikuwa amekaa gizani miaka yote akingoja yaishe, kama yeye mwenyewe wakati mwingine alivyongoja? Nani alikuwa anamlindia nani heshima? Na wakati wao wawili wanafichana nyumbani mwao, aliyeitwa mwizi ni Noreen. Aliushika ufunguo mfukoni, akaukaza mpaka meno yake yakamwingia kiganjani.

"Mwenyekiti," Hedley aliita, "utatuongezea neno?"

Nyuso zote zikamgeukia, isipokuwa mmoja. Kisu cha Alwyn kilikuwa kimesimama juu ya skonzi, kinangoja.

Glenys aliweka kikombe chini.

"Basi na sisi," alisema, "tusiyakumbushe."

Watu walitikisa vichwa polepole kukubali. Hedley aliyarudia maneno hayo kwa kunong'ona, mara ya pili akiwa amefumba macho tena. Alwyn hakuinua uso. Ni mabega yake tu yaliyoanza kutikisika, na mama aliyekaa karibu naye akamsogezea leso, akamwambia kwa upole kwamba hata yeye filamu ile ilikuwa imemgusa.