Mkono Kwenye Breki

...maana uzito ukizidi inashuka yenyewe na ukipungua inapanda yenyewe, hilo hata usingizini fundi alilijua, miaka ishirini na mitatu amelisha watoto kwa kujua hilo, watu wa ghorofani walidhani lifti inavutwa na umeme mwanzo mwisho, kumbe ni mizani tu, huku kijumba cha abiria, huku vyuma vya uzani, katikati waya nne za chuma zimepita juu ya gurudumu hili la puli hapa mbele ya kifua chake, chumba cha mashine juu kabisa ya jengo, na pande mbili zikilingana hata mtu aliyelala njaa anaweza kuizungusha kwa usukani wa mkono, taratibu, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini kabisa... akajiweka sawa, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye breki, akainamisha sikio karibu na tundu la waya sakafuni, akangoja waliomo wamwambie tayari, na sauti ikapanda kweli, lakini si ile aliyoitaka. "Subiri, fundi!" alisema mwalimu kutoka ndani ya lifti, hatua chache tu chini ya miguu yake. "Uchungu umemshika tena. Upite kwanza, ndiyo ushushe." Basi akasubiri, angefanya nini, aliyeshikwa na uchungu ni binti yake mwenyewe, kifungua mimba wake, tangu jana asubuhi yuko hivyo na mtoto kalala mshazari tumboni, mkunga alipanda ghorofa zote kumi na moja akihema, akampapasa, akamvuta fundi pembeni na kumwambia hapa mikono yangu imefika mwisho, mzee, huyu anataka kupasuliwa, na anayepasua ni daktari mmoja tu aliyebaki upande huu wa mji, yuko mtaa wa pili, kafungua kazi kwenye ukumbi wa ile benki, meza ya mikutano ndiyo kitanda chake. Mtaa wa pili! Zamani ni dakika tano, unakwenda na kandambili. Sasa ghorofa ya nne ngazi zimezibwa kwa makabati na vitanda tangu siku za uporaji, limeachwa tundu la mtu kutambaa kwa tumbo, na binti yake hana tumbo la kutambalia, na kuyaondoa makabati yale ni kazi ya siku mbili za wanaume walioshiba, na wanaume walioshiba hawapo... "Pumua, mwanangu, pumua hivi, nitazame mimi," mwalimu alikuwa akisema kule chini, na binti akapiga kelele, na fundi akaukaza mkono kwenye breki kama anayeumwa ni yeye.

Usiachie breki kabla hujasikia kwa masikio yako sauti ya aliye ndani, si sauti ya mlinzi, si sauti ya jirani anayekuhakikishia kwamba wako salama, ya aliye ndani mwenyewe, hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na mzee wake wa kazi, alifundishwa kwa kofi la kisogoni, maana siku hiyo aliambiwa tayari na mtu wa pembeni akaachia, kumbe mle ndani mtu mguu wake uko mlangoni bado, Mungu tu... na tangu hapo hajaivunja. Hajaivunja?  Tuyaache hayo. Afikirie uzito. Kibati kilichogongelewa mlangoni kinasema watu wanane, na lifti yoyote yenye akili husawazika ikibeba nusu ya uzito wake, kwa hiyo jana mchana alisema ingieni wanne tufanye majaribio, wakaingia wanaume wanne, akaachia breki kidogo tu, upana wa ukucha, na usukani ukamponyoka nusura umvunje kiwiko, lifti ikaanza kupanda juu na wanaume wanne ndani wakimwita Mungu kwa majina yote, na akili ikamjia akiwa ameshaifunga breki na jasho jembamba linamtoka, kwamba kibati kile kilihesabu watu wa wakati ule, watu wa chai na maandazi, watu waliokuwa wakilalamika suruali zinabana, na wanne wa leo hawafikii hata watatu wa zamani. Mwokaji mikate wa ghorofa ya pili peke yake angetosha kuwa watu wawili siku zile, alikuwa akiingia kwenye lifti wenzake wanatoka, sasa suruali yake imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo na yeye mwenyewe anasema amekuwa kijana tena, amebakiza kuoa. Ndipo wakaleta mchanga. Magunia mawili ya mchanga, watu watatu, binti, mwokaji wa kumbeba wakifika chini, maana mume wa binti ametangulia kwa daktari, na... fundi alitaka wa tatu awe mtu mwingine, yeyote, alimtaja hadi mshona viatu ambaye ni mgonjwa wa kifua, lakini mwalimu alikuwa ameshavua viatu mlangoni na kuingia, akakaa sakafuni na kukipakata kichwa cha binti. "Mimi nitakwenda naye," alisema, "mtoto wa kwanza hazaliwi kati ya wanaume na mchanga," na watu wakacheka, na fundi akacheka pia, akapanda huku juu haraka ili asimwangalie akiwa amekaa mle ndani.

Kwa sababu ni lifti ileile. Jengo lina lifti moja tu, kwa hiyo ni ileile, sakafu ileile, kioo kilekile kilichopasuka pembeni, na mwalimu amewahi kukaa mle siku mbili kasoro saa chache, siku umeme ulipokata usirudi tena... watu wengi siku hizi hukumbuka mambo kwa mpangilio, kwanza umeme, kisha maji, kisha redio, serikali ilikuwa ikitangaza kila saa, halafu mara moja kwa siku, halafu wimbo tu, halafu mkwaruzo, lakini fundi akikumbuka siku ile haanzi na umeme, anaanza na kengele. Kengele ya lifti ina betri yake ndogo, haijali umeme, mtu akibonyeza inalia, na ilikuwa ikilia, naye yuko humuhumu kwenye chumba hiki cha mashine na mfuko wake wa vifaa, alikuja kubadilisha mafuta, hakuwa hata mkazi wa hapa. Aliisikia. Akachungulia dirishani akaona moshi umesimama pande tatu za mji na watu wamejaa barabarani wote wanakimbilia upande mmoja, akasikia vioo, akasikia kitu kama bunduki, na kengele chini yake inalia, na kazi ilikuwa ya dakika kumi tu. Kumi! Afungue breki, azungushe usukani, ailete lifti usawa wa mlango, akateremke kufungua, basi. Akajiambia kengele hizi hulia zenyewe umeme ukikata. Nani alimwambia? Hakuna, alijitungia papo hapo, akajitia hamnazo, akashika mfuko, akatoka mguu niponye, na ghorofa ya saba kengele ilikuwa karibu kiasi kwamba alisikia pia mkono ukigonga bati, akasimama pale... akasimama kweli, asijidhulumu, alisimama... kisha akaenda. Hakumkimbilia mtoto, binti yake alikuwa na mumewe kwao ng'ambo ya mji, hakumkimbilia mke, mkewe Mungu alishamchukua. Alijikimbilia mwenyewe.

"Unaisha, unaisha," mwalimu alisema chini, lakini haukuisha, binti akalia tena, safari hii sauti nzito, ya mtu mzima, fundi hajawahi kuisikia, akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye binti amerithi jina lake, ndiyo maana amemwita mtoto huyu "mama" tangu yuko mikononi... na siku ya tisa baada ya kukimbia alirudi, si kwa ushujaa, mtaa wa binti yake ulikuwa umeungua, walikuwa watatu na furushi moja, yeye, binti na mkwe, na jengo pekee aliloweza kuingia bila kufukuzwa ni lile alilokuwa na ufunguo wake mfukoni. Limejaa tayari. Nyumba arobaini na nane zilizokuwa na watu wasiofika mia mbili sasa zina zaidi ya mia sita, kuna familia kwenye chumba cha mita, kuna familia kwenye banda la mlinzi na wanapokezana kulala, na mlangoni kulikuwa na watu wenye marungu wakisema hakuna nafasi hata ya paka. Aliyesema waingie ni mwalimu. "Huyu ni fundi wetu," aliwaambia wenye marungu, "mtu wa jengo hili, apewe chumba ghorofa ya kumi na moja," na jioni ileile mwokaji akamsimulia, kwa mzaha, maana mwokaji kila kitu kwake ni mzaha, jinsi alivyouvunja mlango wa lifti kwa mtaimbo na kumkuta mwalimu wa hesabu amekaa amenyooka kama anasimamia mtihani. "Wewe siku ile ulikuwa wapi, fundi? Tulikutafuta!" Nilikwenda mjini kununua vipuri, alisema. Vipuri! Neno lilitoka laini kama lilikuwa limepakwa grisi, na hakuna aliyeuliza tena, na kila asubuhi tangu siku hiyo, miezi saba sasa, wanapanga mstari ngazini kupandisha maji, ndoo inapita mkono kwa mkono kutoka kisimani mpaka juu, na anayesimama chini yake mstarini ni mwalimu, ndoo zote za ghorofa za juu zinatoka mkononi mwake zinaingia mkononi mwa fundi, shika, nimeshika, shika, nimeshika, wala hajawahi kumtazama usoni zaidi ya anavyotazama mtu kuona kama ndoo haimwagiki. Hajui, alijipa moyo hivyo kila siku. Angejua asingeniambia shika.

Na sasa yuko mle tena, kajiingiza mwenyewe, na aliyeshika breki juu ya kichwa chake ni mimi, fundi aliwaza, na waya hizi hazijakaguliwa miezi saba, na nikimshusha salama nitakuwa shujaa wa jengo zima, watanibeba, mwalimu ataniombea dua mbele za watu, nami nitaipokea... akahisi aibu ikimpanda shingoni, moto, aibu ya mtu anayelipwa kazi ambayo hakuifanya, na wazo likamjia bila kubisha hodi kwamba hawezi kuizungusha lifti hii hivi, si kwamba hajui, mikono inajua, ila kule chini kuna mtu amekabidhi roho yake, na ya binti, na ya huyo aliyelala mshazari, kwa fundi ambaye hayupo, fundi wa kununua vipuri. Asubiri washuke kwanza? Watashuka, atashangiliwa, kesho ndoo, keshokutwa ndoo, hatasema tena mpaka kaburini, anajijua. Binti atasikia. Mwokaji atasikia, na mwokaji akisikia jengo zima limesikia, watamtoa na furushi lake. Liwalo na liwe. Akapiga magoti bila kuachia breki, mdomo ukagusa ukingo wa tundu la waya, likanuka chuma na mafuta ya zamani.

"Mwalimu."

"Bado kidogo, fundi."

"Mwalimu, siku ile nilikuwa humu. Niliisikia kengele yako."

 Binti tu, akihema kwa mdomo.  Fundi akawaza sasa mwalimu atatoka, atafungua mlango atoke, na ni haki yake, na uzito utapungua na itabidi tutafute gunia lingine, hata hapo akili yake ilikwenda kwenye uzito, ufundi ni ugonjwa, kisha sauti ikapanda tundu lile, sauti ileile ya ngazini, ya mtu anayeangalia ndoo isimwagike.

"Najua. Nilisikia viatu vyako. Vilisimama ghorofa ya saba, nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na tisa, vikaondoka."

"Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine angeshuka kutoka juu na vyuma vinagongana mfukoni?"

Miezi saba. Shika, nimeshika. Siku aliyowaambia wenye marungu huyu ni fundi wetu, alijua. Alipompa chumba alijua, kila ndoo alijua, na leo asubuhi alivua viatu pale mlangoni akijua, na fundi akatafuta ndani yake ile hofu aliyoitunza siku zote hizo, akakuta kumbe alikuwa akimficha mtu aliyekuwa ameishika upande wa pili, na machozi yakamtoka, hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Na bado umeingia," alisema, "mwalimu, na bado umeingia humo?"

"Kwani kuna fundi mwingine?" mwalimu alijibu, bila huruma na bila ukali, kama anayesoma jibu ubaoni. Kisha akasema na mtu wa karibu, kwa upole ambao haukuwa wa fundi, umepita eeh, haya jifute uso, mwambie baba yako, na fundi akafunga macho na kutega sikio, usukani kulia, breki kushoto, hajaachia hata upana wa ukucha.

"Baba," binti alisema. "Tuko tayari."