Mshenga Aliyelala Ukweni

Ukisikia watu wa Nyamiaga wanasema Audax ana mdomo, usidhani wanamsengenya. Wanamsifu. Kwa miaka ishirini hakuna ukoo pale uliokwenda kuposa bila kumpitia kwanza, na mwenyewe hachoki kukukumbusha: nyumba ishirini na tatu aliingia, na zote ishirini na tatu zilitoa binti. Mabinti wa kuolewa na vijana waliomtuma, jamani, si na yeye. Yeye mke wake ni mmoja tu, Jovina, na huyo naye alimpata kwa maneno.

Basi mtu huyo huyo, mwezi wa pili, alikwenda Biharamulo kumposea Abeli, mtoto wa marehemu kaka yake, akalala.

Hakulala kitandani. Alilala kwenye kiti, sebuleni kwa watu, mchana kweupe, katikati ya maneno ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliitwa Celestini, baba mkubwa wa binti; ndiye aliyemlea Frida tangu yu mdogo, na ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo wao. Alikuwa anataja mababu zake mmoja mmoja. Audax alimsikia wa tatu. Wa nne hakumsikia. Alipozinduka, kidevu kilikuwa kifuani, mate yalikuwa kwenye tai, na nyumba nzima ilikuwa inamtazama. Wakamwambia alikuwa anakoroma.

Na koo zile zina mila zake, wala hazina mchezo nazo. Wageni hukaa upande wao na wenyeji upande wao, wanaume vitini na wanawake mikekani, na hakuna anayevuka kwenda upande wa pili mpaka maneno yamekubaliwa. Mshenga akilala wakati wenye binti wanasema, amekwisha kujibu kwamba hamtaki mtoto wao. Na huwezi kwenda kuleta mshenga mwingine: aliyelianza jambo katika nyumba ndiye anayelimaliza, na ukibadilisha umewatukana mara ya pili. Celestini alisimama, akafungua mlango, akasema atawapokea mara moja tu tena, mwezi wa saba, watu wakishavuna. Siku hiyo mshenga akifumba jicho, Abeli akatafute mke kwingine.

Kwenye basi la kurudi Ngara, Abeli aliketi kiti cha dirishani. Angefoka, Audax angejua namna ya kumjibu. Lakini kijana alitazama dirishani mwanzo wa safari hadi mwisho. Kaka yake Audax, siku za mwisho, alikuwa amemshika mkono akamwambia: Abeli utamwoza wewe. Audax alipofika nyumbani aliingia chooni akalia, kwa sababu huko hakuna wa kumwona.

Nisikilize vizuri hapa. Mtu huyu hakuwa mvivu, wala pombe hakuwa anakunywa. Rubisi aliiacha zamani, tangu daktari alipompima presha akashtuka. Lakini usingizi ulikuwa unamvizia. Ulimkuta kanisani, ulimkuta kwenye mkutano wa kijiji, ulimkuta juu ya turubai la kahawa akiwa ameshika reki. Alijaza mifuko kahawa ya kutafuna, akatafuna mpaka tumbo likawaka moto, na bado akasinzia. Usiku alilala saa tisa nzima na asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyelima. Akaona ni uzee, akanyamaza.

Jovina alikuwa amehamia chumba cha watoto mwaka mzima kabla ya hapo, na Audax aliamini ni kwa sababu ya mkoromo. Jioni ile aliporudi na aibu yake, alimtania mkewe kwamba sasa hata Biharamulo wameusikia. Jovina hakucheka.

"Kelele nimezizoea," alisema. "Ni ule ukimya, hata kule chumba cha watoto unanifuata. Unakoroma, halafu unanyamaza, na mimi nahesabu. Nafika thelathini hujavuta pumzi. Nimechoka kuwa mjane kila usiku, Audax, halafu asubuhi nikupikie uji."

Kesho yake Jovina alimpigia simu Suzan, binti yao, ambaye ni muuguzi Mwanza, na safari ikapangwa.

Huko Mwanza Suzan alimpeleka kwa daktari. Wakamfunga mkanda kifuani, wakambana kidole kwa kidude chenye taa, wakamwambia akalale nacho usiku mmoja nyumbani kwa binti yake. Majibu yalipotoka Suzan alimweleza polepole, kwa lugha ya watu. Nyama za koo lake zinalegea akilala, zinaanguka nyuma, zinaziba njia ya hewa. Mwili unakosa pumzi, ubongo unashtuka, unamwamsha kidogo tu avute hewa, kisha koo linaziba tena. Mara arobaini na mbili kwa saa. Mtu anayeamshwa mara arobaini na mbili kwa saa, nani atamwita mvivu? Audax alirudia hesabu hiyo mara nyingi sana baadaye, tena kwa majivuno, kama vile ni mbio ameshinda.

Dawa yake haikuwa kidonge. Ilikuwa mashine ndogo, ukubwa wa redio, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Inasukuma hewa kooni usiku kucha ili njia isizibe. Ni hewa hii hii tunayovuta wote, Suzan alisisitiza. Hakuna gesi ndani, hakuna dawa. Akamwongezea betri ya kuchaji kwa sola, maana umeme wa kwetu nao hulala.

Usiku wa kwanza aliivua mara nne, akasema anapuliziwa kama moto wa mkaa. Usiku wa tatu aliivumilia. Wiki ya pili aliamka kabla ya jogoo, akakaa kitandani, akashangaa kwa nini kichwa hakimuumi. Jovina alikuwa amerudi chumbani, amelala fofofo, hahesabu chochote. Audax alimtazama muda mrefu. Siku hiyo alipalilia migomba mpaka saa nane bila kuketi.

Kasheshe mbili hazikukosekana. Ya kwanza ni jirani yao Sindayigaya, aliyepita dirishani alasiri moja Audax akiwa amejinyoosha na barakoa usoni. Mzee wa watu akatangaza kijiji kizima kwamba Audax amewekewa oksijeni, mguu mmoja uko kaburini. Mpaka jioni uani pamejaa watu, wanawake wamejifunga vitenge viunoni, na katekista ameanza sala ya wanaokufa. Marehemu mtarajiwa alitoka amevaa kaptula, akawauliza nani amekufa.

Ya pili aliifanya mwenyewe. Akiwa mzima kama kijana, aliifuta mashine vizuri, akaifungia kwenye mfuko na kuiweka juu ya kabati. Akasema dozi imekwisha. Kwetu dawa ni dozi: unameza, unapona, unaweka kopo. Siku ya nne alisinzia nyuma ya bodaboda akienda Ngara mjini, kichwa kikamlalia dereva begani, na bahati tu dereva alikuwa na akili, akasimama. Jovina akapiga simu, akamwekea Suzan sikioni.

"Baba, hii si dozi," Suzan alisema. "Ni kama miwani. Ukiivua, macho yanarudi yalivyokuwa."

Akaelewa. Akaishusha kabatini, na tangu siku hiyo hakuiacha hata usiku mmoja.

Mwezi wa saba ulipofika, hata hivyo, alitaka kuiacha nyumbani. Si kwa kutoiamini. Aliogopa swali. Wenye binti lazima wataulizia magonjwa ya ukoo, hilo kila mshenga analijua: kuna kifafa, kuna wazimu? Mshenga mwenyewe atasema nini akiwa na mpira mkobani? Jovina hakubishana naye. Aliipakia mashine chini ya nguo zake, na usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwenye gesti pale Biharamulo mjini, akaitoa, akachomeka, akamnyooshea barakoa. Audax aliivaa. Asubuhi walikabidhi funguo za gesti, kwa hiyo mkoba ukaenda nao ukweni.

Celestini aliwapokea bila tabasamu. Abeli na wazee wawili wakaketi upande wa dirisha na Audax, Jovina akaketi mkekani nyuma yao; wenyeji wakakaa upande wa mlango, na mke wa Celestini, Eufrazia, kwenye mkeka wake. Wakala ndizi na nyama, wakanawa. Kisha Celestini akasimama na kuanza upya kutaja mababu, polepole kwa makusudi, macho yamemkazia Audax. Alitaja tisa. Alipomaliza, Audax aliwarudia wote tisa, mmoja baada ya mwingine, na wa nne akamtaja mara mbili. Hata upande wa mlango walicheka.

Lakini wakati anamsikiliza alikuwa ameona mambo. Aliona mfuko wa shati la Celestini umejaa kahawa ya kutafuna, na taya halitulii. Aliona macho mekundu, na shingo nene iliyoijaza kola kama yake. Aliona kwamba mzee anasema akiwa amesimama, ameegemea ukuta, na hataki kabisa kuketi. Ilikuwa zamu ya mgeni kusema. Kwa adabu, Celestini alilazimika kuketi.

Audax alianza vizuri, kama zamani. Alikuwa ameshafika kwa marehemu kaka yake, namna alivyokuwa mtu wa watu, aliposikia mkoromo. Akanyamaza. Celestini alikuwa amelala kidevu kifuani.

Mzee Pancras, wa upande wao, akamvuta shati, akamnong'oneza kwamba sasa waliotukana ni wenyeji. Wasimame watoke, mpaka watu hawa waje wenyewe Nyamiaga kuomba radhi. Tusimpake Audax mafuta: alifurahi. Miezi mitano ameimeza aibu ile, na leo imebadilisha nyumba. Alishaanza kuokota kofia.

Ndipo mkoromo ukakatika.

Audax hakuwahi kuusikia ukimya huo maishani mwake, maana kila ulipokuja alikuwa ndani yake. Kifua cha Celestini kilikuwa kinapanda na kushuka bila hewa kuingia. Kumi. Kumi na tano. Akageuza macho, akamwona Eufrazia kwenye mkeka wake, midomo inachezacheza bila sauti. Alikuwa anahesabu. Akamtazama Jovina, naye anahesabu. Ishirini na saba, mzee akashtuka mwili mzima, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, na mkoromo ukaanza tena, macho yamefumba vile vile. Hivyo ndivyo Jovina alivyokesha naye miaka yote ile, peke yake gizani.

Akaiweka kofia chini.

"Mzee huyu halali," alisema. "Huyu anakabwa."

Eufrazia alijifunika uso kwa kitenge. "Miaka sita nahesabu," alisema. "Nilidhani ni mimi tu duniani."

Hapo Jovina akafanya jambo ambalo wazee wa pande zote mbili walilitazama midomo wazi. Alisimama, akavuka sebule katikati mbele ya wanaume, akaketi kwenye mkeka wa Eufrazia, akamshika mkono.

Audax alimwendea Celestini, akamgusa bega taratibu mpaka akaamka. Mzee alipoona nyuso zote zimemgeukia, alijua. Yeye aliyewafungulia wengine mlango, sasa hakuwa na pa kutazama.

"Nimelala," alisema.

"Umekabwa, mzee. Kama mimi siku ile."

Akamfungulia mkoba. Akamwonyesha barakoa, mpira, mashine. Akamweleza koo, akamweleza mara arobaini na mbili, akamweleza hata ile ya katekista, na watu wakacheka mpaka machozi. Celestini aliipokea barakoa, akataka kuijaribu. Audax akamnyang'anya. Hii haiazimwi, akamwambia. Nguvu ya hewa imepimwa kwa koo langu mimi. Wewe utakwenda Mwanza ukapimwe lako, na binti yangu atakupokea kituoni.

Celestini akatema kahawa kiganjani, akaitazama. Kisha akajiweka sawa kitini, maana lile swali la mila lilikuwa bado.

"Katika ukoo wenu," aliuliza, "mna ugonjwa gani?"

Audax, ambaye alikuwa ameliogopa swali hilo wiki nzima, aliinyanyua barakoa juu kila mtu aione.

"Huu. Na ninyi?"

Mzee alimtazama mkewe. Eufrazia alikuwa bado na mkono wake ndani ya mkono wa Jovina, mgeni na mwenyeji mkeka mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile kabla maneno hayajakubaliwa.

"Huo huo," alisema Celestini. "Na naona wanawake wamekwisha kukubaliana. Mwiteni Frida."

Frida alikuwa nyuma ya pazia muda wote, na hakusubiri kuitwa mara ya pili.