Mstari wa Elimu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wasifu wangu wa kuombea nafasi ya mazoezi ulikuwa umeshajazwa kabla sijafungua mdomo. Mchapaji wa stesheneri alifuta jina la mtu mwingine kwenye kompyuta, akageuka. "Haya dada, wewe unaitwa nani?"

Nilimtajia jina kwa sauti ndogo mno, mpaka akanitaka nirudie mara mbili.

Chini ya jina kulikuwa na mstari wa elimu: amemaliza darasa la saba, katika shule ambayo sijawahi hata kupita nje ya ukuta wake. Chini zaidi: anapenda kuogelea.

"Mimi sijui kuogelea, kaka."

"Hata mimi sijui," akacheka. "Wenzako wa kozi ya ushonaji nimewawekea hivyo hivyo. Wewe tu ndiye unayetaka kuzama?"

Foleni nzima ikacheka. Nilitaka kumwambia auondoe na ule mstari wa shule, lakini macho ya watu yalikuwa mgongoni kwangu. Printa ikaanza kunguruma. Nikachukua karatasi ikiwa bado ya moto.

Nyumbani dada yangu aliisoma akatabasamu. "Safi kabisa. Miezi tisa umesomea ushonaji, na bila mazoezi ya karakana hupewi cheti. Usianze kuwasimulia watu habari za zamani, mdogo wangu."

"Wakiniuliza?"

"Nani akuulize? Wanataka mikono, hawataki madaftari."

Nikaikunja karatasi. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Kesho yake nilikwenda kwenye karakana inayoshona sare za wauguzi. Fundi mkuu, mama wa makamo mwenye tepu ya kupimia shingoni, alinipa kola nishone kwanza. Akaigeuza, akauvuta mshono kwa nguvu. Haukuachia.

"Mkono unao," akasema, na roho yangu ikatulia kidogo. Kisha akaishika karatasi yangu. Akasoma. Akapaza sauti kuzidi cherehani: "Jamani, muogeleaji mwingine!"

Mafundi waliangua kicheko. Mmoja akauliza kama karakana inajengewa bwawa.

Fundi mkuu yeye hakucheka. "Wa tano tangu juzi. Na wote mmesoma shule moja, mkamaliza mwaka mmoja. Mwenzako wa jana alinitajia mpaka jina la mwalimu mkuu, la uongo. Nikamwonyesha mlango. Shule hiyo nimesoma mimi, mwanangu."

Akaniwekea kalamu mezani. "Futa kisichokuwa chako. Ukibakiza uongo hata mmoja, kesho usije."

Kuogelea nilikufuta haraka. Kwenye mstari wa elimu kalamu ikakwama. Nikiuacha, nimepoteza nafasi. Nikiufuta, nitabaki na jina, kozi na aibu yangu, mbele ya watu wote hawa. Nikaufuta, taratibu, mpaka karatasi ikatoboka.

"Sasa niambie uliishia wapi."

Cherehani ya jirani ilikuwa imesimama. Walikuwa wananisikiliza.

"Darasa la tano," nikasema. "Mama yangu alilala kitandani miaka miwili, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza na kumlisha. Alipofariki, dada alisema nimeshakua, shule basi tena. Nikaitikia. Lakini nilikuwa nataka kurudi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Nilikuwa nataka kurudi."