Habari Asiyoambiwa Mtu Peke Yake

"Yeshi, mbona unapanga karatasi zilizokwisha pangwa?" Profesa Tessema aliniuliza, na mikono yangu ikazidi kuvuruga.

Dada yake, Wubit, alikuwa amefariki mjini Dessie asubuhi ile. Mtaa mzima ulijua ila yeye. Kwetu Addis Ababa habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja. Majirani hujikusanya kwanza, wakamgongea mfiwa alfajiri, wakamwambia wakiwa wamemzunguka. Profesa, mwanasosholojia, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya desturi hiyo, nami, karani wake, ndimi niliyekipiga chapa. Jamii, alisema, inakubali kudanganya kutwa nzima ili mtu asiupokee msiba peke yake.

Mama Zewditu, mkuu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, alinionya. "We binti, uso wako hauna siri. Leo jifanye unaumwa jino, usiende kazini."

Nikajitia ujasiri, nikaenda. Miaka kumi na tisa imepita na bado najilaumu.

"Simu ya Wubit haipokelewi," Profesa alisema. "Umesikia lolote?"

"Hapana, Gashe," nilijibu, kwa jina tunalowaitia wakubwa kwa heshima. "Labda umeme umekatika huko."

Akavua miwani. Alikuwa amewahoji watu mia tatu waliowahi kufichwa msiba, na wengi wao waliambiwa habari za umeme.

"Watakuja saa ngapi?"

Ningeweza kukana. Nikamtajia. "Saa kumi na moja alfajiri."

"Basi hujaniambia kitu. Zewditu asijue. Watu wamejiandaa."

Akachukua koti. Alikataa nimsindikize, maana mtaa ungetuona na kuelewa. Mpaka jua lilipozama nilikuwa nimepita mlangoni kwake mara nne, kila mara nikiapa kubisha hodi. Sikubisha.

Alfajiri tulimgongea, watu arobaini tuliojitanda shuka nyeupe. Alifungua akiwa na nguo za kulalia, akipikicha macho kama aliyeamshwa. Mama Zewditu alipotamka jina, Profesa alipiga ukelele, akatuangukia.

"Umeona?" Mama Zewditu alininong'oneza huku akilia. "Hakuupokea peke yake."

Mimi nilikuwa nimemkumbatia Profesa shingoni. Kola yake ilikuwa imelowa chepechepe, na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tumeingia.