Linta ya Injinia

Kaka yangu anauza magodoro. Hajawahi kujenga hata banda la kuku, lakini siku moja alikaza bawaba ya mlango wa jikoni, na tangu hapo Mama anamwita Injinia. Mimi ndiye mchoraji wa ramani za nyumba, kazi inayonilisha. Mimi naitwa "wewe".

Basi Injinia akanunua sofa ndefu isiyoenea sebuleni kwake. Mwenye akili angerudisha sofa. Yeye akaamua kubomoa ukuta uliotenga sebule na chumba cha kulia, ukuta uleule ambao juu yake, ghorofani, ndiko Mama anakolala.

"Badala ya ukuta utaweka nini?" nikamuuliza.

"Linta. Kama ile ya juu ya mlango, ila ndefu kidogo."

"Kaka, hapo panataka bimu."

"Linta, bimu, si yote ni zege limelala? Nyie mnapenda kutisha watu kwa majina."

Nikamweleza, ingawa ni heri ningeueleza ukuta wenyewe. Linta inakaa juu ya uwazi wa mlango au dirisha, inashikilia matofali machache yaliyo juu yake, basi. Bimu inabeba sakafu nzima, na kitanda, na kabati, na mtu aliyelala. Ndiyo maana huwa nene, ina nondo za kutosha, na inakalia nguzo zake. Kaka akapiga mwayo. Mama alikuwa anatusikiliza kwenye ngazi, nami nikamgeukia.

"Mama, njoo ukae kwangu kwanza."

"Wewe, mwache kaka yako. Injinia anajua anachofanya."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda zangu, nimenuna. Yeye akamtafuta fundi asiyejua kusema hapana, ukuta ukavunjwa, linta ikamwagwa, sofa ikaingia. Akanitumia picha amejinyoosha juu yake, miguu hewani, bwana mkubwa. Sikuwa na haja ya kumtazama yeye. Niliikuza picha nikatazama dari, nikaona ufa.

Nilipofika nilimkuta ghorofani akiusukuma mlango wa Mama kwa bega. Mama alikuwa ndani, hawezi kutoka.

"Umevimba kwa mvua," akasema.

Mlango ule ni wa chuma.

"Acha kusukuma!" nikamkemea. "Sakafu imezama, fremu imepinda. Shuka!"

Nikakimbilia kwa jirani anayejenga, nikarudi na mafundi wake na miti minene, tukaanza kuegemeza dari. Mti wa katikati ulitaka kusimama pale pale palipo na sofa, kwa hiyo sofa ikatupwa uani. Kaka akauliza kama haitalowa.

Dari iliposhikwa, mafundi wakaikata fremu. Mama akatoka akinyata, kandambili ameshika mkononi, kana kwamba zingeongeza uzito. Akashuka ngazi, akafika uani, akasimama kando ya ile sofa lakini hakuikalia.

Kaka alikuwa ameshaanza: saruji ya siku hizi mbovu, fundi mzembe, udongo wa eneo hili...

"Injinia!" Mama akaita.

"Naam, Mama," Kaka akaitika mbio.

"Sijakuita wewe," akasema, akanishika mkono.