Sebule Juu ya Usukani

Boti za kazi hazina zulia. Zina grisi, zina kutu, zina minyororo iliyolowa na alama za buti za watu waliokanyaga rangi mbichi. Boti mpya ya Baba Mkubwa ilikuwa na zulia jekundu. Zulia lilikuwa ndani ya sebule, na sebule ilikuwa juu ya chumba cha usukani, mahali ambapo boti nyingine zote pale bandarini zilikuwa na hewa tupu.

Kazi ya boti ilijulikana tangu siku iliponunuliwa. Ni ileile iliyotulea sote: kupeleka maji, mboga na mabaharia kwenye meli zilizotia nanga nje, na kunyanyua maboya ya njia ya meli ili yaletwe nchi kavu yakasuguliwe na kupakwa rangi. Boya moja lina uzito wa gari. Hunyanyuliwa kwa winchi kutoka ubavuni, na muda wote linaponing'inia, boti nzima hulalia upande ule kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Hapo ndipo utakapojua kama chombo kina nguvu ya kujirudisha au hakina.

Baba Mkubwa hakuwahi kunyanyua boya. Karakana ya familia aliipata kwa kuzaliwa wa kwanza, jambo analolitaja kama watu wengine wanavyotaja shahada. Alikwenda ng'ambo kwenye maonyesho ya vyombo vya majini, akarudi na picha ya boti ya kitajiri kwenye simu, akamwonyesha fundi wetu wa kuchomelea, ambaye tunamwita Cheche, akasema anataka kama ile. Cheche aliuliza kama kuna boti nyingine inakuja, maana hii ilikuwa ya kazi. Akaambiwa achomelee, asihoji.

Ikasimama sebule ya chuma. Yakaja makochi, vikaja vioo vinene, ikaja meza ya marumaru ambayo vijana wa karakana waliipandisha kwa winchi ya maboya huku wakinong'onezana maneno ambayo sitayarudia. Mwisho kabisa likaja tangi la maji, likakaa juu ya paa la sebule, ili mgeni akitaka kunawa mikono maji yashuke yenyewe. Wageni gani hao, wa kwenda kutazama boya likisuguliwa, hakuna aliyeambiwa. Tangu siku hiyo karakana nzima ikamwita Bwana Zulia, mradi yeye awe mbali kidogo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nilikosomea uundaji wa meli. Baba Mkubwa alipenda kunitambulisha kwa watu: huyu ni binti wa mdogo wangu, ndiye mhandisi wetu. Kisha akanituma soda.

Nilijikaza siku moja nikaenda ofisini kwake. Nilimchorea boti kwenye karatasi, nikamweleza kwamba uzito ukipanda juu, chombo kikiinama hakina haraka ya kurudi, na kwamba maji yanayocheza ndani ya tangi huongeza balaa. Nilieleza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu. Alinisikiliza akitabasamu, kama anavyomsikiliza mtoto anayeimba.

"Mwanangu," akasema, "kitu kizito hakipinduki. Umewahi kuona kabati la chuma likipeperuka?"

Nyuma yake lilikuwapo kabati la chuma. Lilikuwa limefungwa ukutani kwa waya, kwa sababu karani aliwahi kuvuta droo zote za juu kwa pamoja, likamlalia. Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeagiza waya. Nililitazama kabati, nikatazama waya, nikasema, "Asante, Baba Mkubwa," nikatoka.

Yote hayo ningeyacheka tu, kama ninavyocheka mengi ya karakana ile, lakini nahodha wa boti alikuwa baba yangu. Jumatatu alitakiwa kwenda kunyanyua boya la kwanza.

Nilimkuta nyumbani akipiga pasi shati lake la kazi, nikamweleza kila kitu. Hakushangaa. Alisema hata boti ikiwa imefungwa gatini amekuwa akihisi inachelewa kurudi, meli kubwa ikipita na kuleta mawimbi. Nikamuuliza kwa nini basi asiseme. Akaigeuza kola, akaipitisha pasi.

"Nimwambie nani, kaka yangu? Akisema twende, nitakwenda. Nitakuwa mwangalifu."

Mwangalifu. Kana kwamba chombo hupinduka kwa sababu nahodha amekosa adabu.

Tumaini langu lilibaki kwenye jaribio. Kabla boti iliyobadilishwa haijaruhusiwa kutoka, mkaguzi huja kuipima inavyoinama. Si jambo la siri wala la ajabu. Ndani ya boti hutundikwa timazi, uzi mrefu wenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, na risasi ile huchovywa kwenye ndoo ya mafuta ili isiyumbeyumbe. Kisha vyuma huhamishwa kwenye sitaha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mkaguzi anapima uzi umesogea kiasi gani. Uzi ukisogea kidogo, chombo ni kigumu kuinama. Ukisogea sana, rudini mkafikiri.

Baba Mkubwa aligeuza jaribio kuwa sherehe. Aliweka turubai na viti gatini, akaalika wenye mali wenzake na wake zao, akakodi kipaza sauti. Wageni walipandishwa kwanza kuiona sebule, na kwa kuwa wake za watu walivaa viatu vya visigino, aliamuru boti ifungwe kwa kamba nene, mbele, nyuma na katikati, zikazwe kwa winchi mpaka ngazi isitikisike. Ilifungwa kama godoro la mtu anayehama.

Mkaguzi alifika amechelewa, amelowa jasho, na alikuwa na boti nyingine ya kupima mahali pengine. Aliamuru wageni wote washuke, tubaki wa kazi tu. Wakashuka, isipokuwa Baba Mkubwa, aliyesema mwenye chombo si mgeni, akabaki juu kwenye kochi na kipaza sauti chake. Mkaguzi alitazama saa, akasema basi asisogee. Kuhusu kamba hakusema kitu, na nadhani hakuziona, maana macho yake yote yalikuwa kwenye ule uzi.

Vijana wakahamisha vyuma kwenda upande wa baharini. Timazi ikatulia ndani ya mafuta kama imepigwa msumari. Wakaongeza vingine. Uzi haukujali.

"Mnaona wenyewe," kipaza sauti kikanguruma huko juu. "Chuma hiki. Haitikisiki."

Gatini wakapiga makofi. Mkaguzi akafungua kalamu.

Ilikuwa haitikisiki kwa sababu imeshikwa. Nilikuwa nimesimama karibu ya ndoo, na kupitia dirishani niliziona kamba zimenyooka, zinatoa maji kwa kukazwa. Nikasema kamba zimekazwa. Mkaguzi akauliza nimesemaje, na kabla sijarudia, kipaza sauti kikaanza kuwashukuru waalikwa mmoja mmoja. Nikamgeukia baba yangu aliyekuwa mlangoni, nikamwomba aamuru zilegezwe. Alizitazama, akanitazama, akainua macho kwenye dari, upande wa kaka yake.

Basi nikashuka ngazi.

Kwenye nguzo ya chuma ya gatini, ilipofungwa kamba ya katikati, alikuwa amesimama shangazi yangu, dada yao, mtunza stoo ya kamba na rangi. Ni mkubwa kwa baba yangu na mdogo kwa Baba Mkubwa, kwa hiyo amezoea kuamrisha na kununa kwa zamu. Aliniona ninahangaika na kamba, akauliza ninafanya nini.

"Naiachia isimame yenyewe," nikasema.

"Haisimami?"

"Sidhani, shangazi."

Aliitazama sebule kwa muda. Ile meza ya marumaru alikuwa ameiomba kwa ajili ya jikoni kwake, akanyimwa. Akaweka mkoba wake chini, akamwita Cheche ashike kamba ya nyuma na kijana mwingine ya mbele, nasi tukashika ya katikati. Hatukuziachia ghafla. Tuliziacha zizunguke kwenye nguzo taratibu, kidogo kidogo, zikilia.

Boti ikainama. Iliinama polepole kuelekea baharini, bila fujo, kama mzee anayejilaza. Halafu ikakaa hivyohivyo. Hilo ndilo lililowanyamazisha watu wa turubai: kwamba haikuonyesha nia yoyote ya kurudi. Maji yalisikika yakihamia upande mmoja ndani ya tangi. Kisha zulia jekundu, ambalo hakuna aliyekumbuka kuligundisha sakafuni, likateleza pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Tuliona kupitia kioo kochi likisafiri mpaka dirisha la mbali, Baba Mkubwa akiwa ameketi juu yake, kipaza sauti mkononi, na meza ya marumaru ikimfuata kama mtu mwenye jambo la kumweleza. Ilisimama magotini pake.

Chini, mkaguzi alikuwa ameinamia ndoo. Uzi ulikuwa umegusa ukingo wake. Akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

"Ni upepo," kipaza sauti kikasema.

Turubai lilikuwa limening'inia bila hata kukunjamana. "Upepo gani, kaka?" shangazi akajibu. "Mtandio wangu mwenyewe umelala."

Mmoja wa wake za waalikwa akacheka, akajifanya anakohoa. Baba yangu alitoka kwenye sitaha iliyoinama, akishika reli, akasimama mahali ambapo kaka yake angeweza kumwona. Sikumbuki kumsikia akiongea naye bila kutazama chini. Safari hii alikuwa anatazama juu, labda kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

"Kaka, mimi hii siendi nayo."

Kipaza sauti kilikwaruza kidogo, kikazimwa.

Vijana walirudisha vyuma, boti ikanyanyuka nusunusu, nikapanda kumsaidia Baba Mkubwa ashuke, kwani meza ilikuwa bado imembana na hakuna mwingine aliyekuwa na haraka. Alining'ang'ania bega mpaka mlangoni, nami sikupata raha niliyoitarajia. Kwenye ngazi akauliza ni nani aliyelegeza kamba.

"Mimi, Baba Mkubwa," nikasema, na gati zima likasikia.

Cheche aliikata sebule kwa moto uleule alioutumia kuichomelea. Ilishushwa na kuwekwa langoni mwa karakana, na sasa ndiyo ofisi ya Baba Mkubwa. Makochi yako ndani, zulia limegundishwa, na tangi liko juu ya paa lake. Akinawa mikono maji hushuka yenyewe, vizuri kabisa. Wageni anawaambia kwamba tangu mwanzo aliibuni sebule iwe ya kutoa na kuweka. Anaongeza kuwa mhandisi wake alisaidia kidogo. Meza ya marumaru iko jikoni kwa shangazi.

Boti ilipimwa tena, kamba zikiwa legelege, watu wakiwa kimya. Asubuhi ya safari ya kwanza nilikaa gatini mpaka nikaiona inarudi, boya limelazwa kwenye sitaha, baba yangu usukanini na juu yake hakuna kitu. Alipopita sambamba na lango akapiga honi kidogo, kwa heshima. Ndani ya sebule Baba Mkubwa aliinua mkono kutoka kwenye kochi, kama yeye ndiye aliyeiruhusu ipite.