Kiu ya Gaju

Ukaidi wa mzee Libérat ulijulikana Sange nzima, na mkewe Bernardine alimpenda hivyo hivyo alivyo, angefanyaje? Lakini kiangazi kile cha mwaka 1956 mzee alizidi.

Binti yao Anne-Marie alikuwa amejifungua mapacha, na maziwa yake hayakutosha watoto wawili. Pengo lilizibwa na Gaju, ng'ombe wao mmoja tu. Siku moja Libérat aliyaonja maziwa ya Gaju, akakunja uso.

"Hii maziwa iko nyepesi. Huyu ng'ombe anakunywa maji mingi, na ni maji anaturudishia."

Tangu hapo Gaju akawa ananyweshwa jioni tu, ndoo moja. Jamani, ng'ombe anayelea nyumba nzima, na jua la bonde la Ruzizi utosini, ndoo moja! Siku ya nne kibuyu cha kukamulia hakikujaa hata nusu. Mapacha walilia mpaka sauti zikawakauka, na Bernardine akalia nao jikoni.

"Baba Anne-Marie, maziwa itatoka wapi kama haiko maji?"

"Weye unajua nini ya ng'ombe? Ulishakamua?"

Hakuwahi. Kwao Warundi mwanamke kukamua ni mwiko. Lakini kunywesha? Hakuna babu aliyekataza kunywesha. Basi kila mchana, mzee akiwa kwenye muhogo wake, Bernardine alijitwika mtungi hadi mfereji wa mashamba ya mpunga na kurudi, mara tatu, mara nne, kiuno kikimuuma. Gaju alikunywa macho amefumba.

Wiki haikuisha, kibuyu kikajaa. Mapacha wakashiba, wakalala. Na Libérat? Kifua mbele, akimweleza kila jirani jinsi kiu inavyomtia ng'ombe adabu. Bernardine alimsikia, akaendelea kusonga ugali.

Mpaka siku mpini wa jembe ulipovunjika, mzee akarudi mapema. Alimkuta mkewe anamimina mtungi wa tatu, kitenge kimelowa, Gaju anavuta maji bila kupumua. Bernardine akangoja ugomvi. Mzee aliutazama mtungi, akamtazama ng'ombe, kisha akaitazama shingo ya mkewe iliyokuwa ikitetemeka.

"Kumbe," alisema polepole, "hizi siku zote ni weye nilikuwa nakamua."

Akautwaa mtungi mikononi mwa mkewe, akajitwika mwenyewe, mzee mzima, akapita mbele ya majirani wale wale kuelekea mferejini.